Nyeusi Ndiyo Niliyoichagua

Jumatatu, 4 Machi

Msimamizi kanibebesha mzigo mwingine. Eti mimi, mtunza stoo, ndiye nichague tochi mpya za kikosi cha handaki la maji. Za zamani zilizimika wiki iliyopita wakiwa ndani kabisa, wakatoka wakipapasa ukuta. Na katikati ya handaki kuna lile shimo la kunasa mchanga – limejaa maji, halina kizuizi. Bila mwanga hulioni mpaka umo ndani yake.

Mkuu wa kikosi ni nani? Mdogo wangu, kitindamimba wa nyumba yetu. Mama kapiga simu jioni kunikumbusha kwamba mimi ndiye niliyemtafutia kazi hiyo. Najua, Mama. Roho haijatulia tangu hapo.

Jumatano, 6 Machi

Mwenye duka kaleta tatu za majaribio: nyeusi ya chuma, ya njano ya plastiki, na moja ndefu ya rangi ya fedha, ina majivuno kama yeye mwenyewe. Nimefunga mlango wa stoo, nikabandika gazeti ukutani.

Ndefu – katikati mwanga, pembeni giza. Ya njano – hafifu, vichwa vya habari nimesoma, maandishi madogo hapana. Nyeusi – hata bei za matangazo nimezisoma nikiwa mlangoni! Kisha ndoo ya maji. Ndefu ikanywa maji, ikafa. Kwaheri yake.

Mdogo wangu kaja kuchungulia. "Dada, siku hizi umekuwa daktari wa tochi?" Nikamfukuza, ananizibia mwanga. Kaondoka na biskuti zangu, hana adabu.

Alhamisi, 7 Machi

Leo kuangusha. Nimepanda ngazi ya rafu hadi juu, nikaziachia kwenye sakafu ya saruji. Tena na tena. Betri nilizitoa kwanza. Betri ikibonyea inavuja, na mimi si mtu wa kuchezea mali ya stoo – ndiyo maana wananiita Bahili, na waite tu.

Nyeusi imekwaruzika kidogo. Ya njano imepata ufa. Nikarudishia betri, zote zikawaka. Basi, nyeusi! Msimamizi kakubali. Ya njano imerudi dukani. Leo nitalala.

Jumanne, 12 Machi

Boksi limefika. Nimemkabidhi kila mmoja wa wale watano wa kikosi ya kwake, na betri mpya. Kesho asubuhi wanaingia. Mdogo wangu kanimulika usoni, kisha kacheka peke yake. Nimemsihi aifunge tochi na kamba mkononi. Kasema yeye si mtoto. Kamba kaiacha mezani.

Jumatano, 13 Machi

Walikuwa wameshaingia. Nikawa napanga zilizobaki, moja ikaniponyoka – na betri zake ndani. Kutoka usawa wa kiuno tu. Ikazima.

Nikaifungua. Betri zimeigonga springi, springi imelala bapa. Nikachukua nyingine, nikaiangusha makusudi. Ikazima. Nyingine. Ikazima. Uzito wa betri ndio unaoziua, na mimi nilizipima tupu! Eti niokoe betri. Mjinga mimi. Mjinga kabisa.

Nimekimbia mpaka mdomo wa handaki, viatu mkononi. Simu haishiki mle ndani. Nimemweleza msimamizi kila kitu, mlinzi akisikia. Kisha kamtuma dereva dukani akafuate za njano, na kakataza mtu kuingia na tochi zangu. Zangu – ndivyo alivyosema.

Nimekaa kwenye jiwe. Naandika ili nisikimbilie ndani.

Sauti! Na mwanga, mmoja. Wanatoka kwa mstari, kila mtu kashika bega la aliye mbele yake. Wanasema tochi zilikufa moja baada ya nyingine, yoyote iliyogonga ukuta au kuanguka. Wa kwanza kashika hiyo moja inayowaka. Si yake. Mdogo wangu kampa ili awaongoze wenzake. Mkuu wa kikosi huingia wa kwanza na kutoka wa mwisho, ndivyo wanavyofanya kazi. Kwa hiyo yuko nyuma. Nasubiri. Lazima awe nyuma.

Katoka wa pili. Wa tatu.

Wa nne ni mzee mmoja wa kikosi. Begani mwake hakuna mkono. Msimamizi anamulika ndani kwa simu, anaita.

Nimemuuliza mzee, mdogo wangu yuko wapi? Kakaa chini. Kavua buti, anamwaga maji. Nimemuuliza tena. "Shimo," kasema, hanitazami. Anavua la pili.