Sifuri Kati ya Sifuri

Mwenzangu, uko? Nimejifungia chooni kazini. Leo nimeumbuka!

Unaijua ile programu yetu ya mialiko, inayoonyesha asilimia ngapi ya walioalikwa wameshafika? Mimi ndiye ninayeandika majaribio ya kuhakikisha hiyo hesabu haikosei. Sasa bosi si kayafungua kwenye skrini kubwa, ofisi nzima inatazama!

Jaribio moja nililipa jina "bethdei yangu". Walioalikwa sifuri, waliofika sifuri.

Bosi akalisoma kwa sauti. Akabonyeza. Programu ikajibu: asilimia mia, wageni wote wamefika.

WOTE WAMEFIKA, mwenzangu! Sifuri kati ya sifuri! Watu wakavunjika mbavu. Yule anayetuchorea kurasa za programu akadakia, "Kumbe sherehe ilifana!" Nikacheka nao, ningefanyaje?

Bosi akasema, "Rekebisha. Kama hakuna aliyealikwa, isiandike kitu." Basi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nilichagua jina hilo. Hata mmoja!

Nimesharekebisha. Jaribio limepita, na pale kwenye asilimia pamebaki patupu.

Bethdei yenyewe ni leo, lakini. Nilidhani wewe utakumbuka.