Ukili wa Ghorofa ya Tisa

Woolwich, London
1 Machi 2002

Mdogo wangu Vuai,

Assalamu alaikum. Natumai unasoma hii ukiwa mzima, na kifua cha mkeo kimetulia. Mie mwili mzima isipokuwa nyonga. Kinachochemka ni moyo.

Eda ya Asad imekwisha tarehe 19 Februari. Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani ya fleti hii, nguo nyeupe, bila manukato, na sikulalamika hata siku moja. Ile ilikuwa haki ya mume wangu. Asubuhi ya tarehe 20 nikaoga, nikajifukiza udi, nikavaa koti, nikashika mkongojo na kwenda kwenye lifti. Safari yangu ilikuwa makaburini. Wanaume walimzika mie nikiwa ndani. Mpaka leo sijaona alipolala.

Lifti mbovu. Ilikufa tarehe 3 Januari na nilipiga simu siku ileile. Nikadhani siku arubaini na nane zinawatosha. Kutoka kwangu hadi chini ni ngazi 144, na daktari aliyenitia nyonga ya chuma kanikataza hata kumi. Jirani yangu Champa anasema wanawe wanibebe kwenye kiti. Nimemwambia mie si kabati.

Ofisi ya nyumba inaniandikia, "Tunasikitika kwa usumbufu." Hiyo ni barua ya tatu, maneno yaleyale. Eda ya mume ina mwisho, Vuai. Hii ya lifti inahesabiwa na nani?

Dada yako,
Mwanamwema

—

Unguja
13 Machi 2002

Dada yangu,

Waalaikum salaam. Huku sote wazima, kifua cha mke wangu kimepoa. Anauliza unakula nini.

Barua yako niliisoma barazani, wenzangu wakanicheka, wakidhani natania: London, lifti miezi miwili haifanyi kazi? Mzee mmoja kasema uvumilie tu, Mungu atalipa.

Mie nimefanya kazi gazetini miaka thelathini na moja. Barua za malalamiko nimepokea magunia. Zenye hasira peke yake tulizitupa. Tulizochapa zilikuwa na tarehe, jina la mtu, na kitu cha kupiga picha. Basi andika kila siku: nani kaahidi, saa ngapi, kaja au hakuja. Halafu tafuta picha.

Na usikae mikono mitupu. Suka ukili wa mkeka kama tulivyokuwa tukisuka utotoni, ijapokuwa wako ulikuwa ukipinda na mama akiufumua kila jioni.

Mdogo wako,
Vuai

—

Woolwich
3 Aprili 2002

Vuai,

Salamu kwako, kwa mkeo, na kwa yule mzee wa barazani pia, ingawa hastahili. Mwambie kuvumilia nimemvumilia Asad, Mungu amrehemu. Lifti sikuolewa nayo.

Na ukili uliokuwa ukipinda ni wako. Ulinisingizia kwa mama.

Jana kaja Bwana Alexis wa ofisi ya nyumba. Kapanda ngazi zote 144. Nimempa maji kabla ya salamu. Nikamuuliza vipi jengo la jirani lilitengenezewa lifti kwa siku sita. Kafungua faili, kasoma kimoyomoyo.

"Soma kwa sauti," nikamwambia.

"Mpangaji wa ghorofa ya tisa hatoki nje kwa sababu za dini. Si haraka."

Maneno yangu mwenyewe hayo! Januari karani aliniuliza kwenye simu kama nimekwama. Nikamjibu kweli tupu: mimi mjane, sitoki mpaka tarehe 19 Februari. Kaandika kwamba sitoki, tarehe kaiacha. Na wenzangu wote jengoni wanaweza ngazi.

"Haya, futa," nikasema.

"Siwezi kufuta, bibi. Lazima ipitie kwa meneja."

"Na meneja yuko wapi?"

"Likizo."

Nimefuata maneno yako. Miyaa ya kusukia huku hakuna. Champa ananiletea mifuko ya nailoni ya dukani, naikata chane nyembamba na kuisuka, ukili wa vidole viwili. Kila siku ya lifti mbovu ni shubiri moja nyeupe. Siku waliyoahidi wasije, shubiri nyekundu. Siku za nyuma nimeshazifidia. Leo ni shubiri 91, kumi na nne nyekundu. Nimeuteremsha dirishani, na mwisho wake nimeufunga kufuli la zamani la Asad ili upepo usiuchezee. Umefika usawa wa ghorofa ya kwanza. Watoto wa skuli wakipita wanahesabu nyekundu.

Champa anasema siku utakapogusa chini anaita gazeti la mtaa. Nimekadiria shubiri ya 110.

Dada yako,
Mwanamwema

—

Unguja
29 Aprili 2002

Dada,

Kwanza afya yako, maana sina habari nayo. Shubiri ya 110 ilikuwa Jumatatu iliyopita. Nimepiga simu Ijumaa, Jumamosi na jana, inalia haipokewi. Mtu asiyeweza kutoka anakosaje kupokea simu? Yule mzee kaacha kucheka, kila jioni anauliza.

Niandikie hata mstari mmoja.

Vuai wako

—

Woolwich
7 Mei 2002

Vuai,

Usiwe na hofu, mzima. Ulipiga simu nikiwa nje. Nje, Vuai.

Ukili uligusa majani tarehe 22, saa nane mchana. Mpiga picha kaja kesho yake. Picha imetoka Alhamisi ya wiki ileile; fundi kaja Ijumaa yake asubuhi. Nimesimama karibu naye na saa mkononi. Dakika arubaini. Kifaa alichobadilisha kinaenea kwenye kiganja changu. Nimemuomba kile kibovu, ninacho. Siku 114 kwa kazi ya dakika arubaini!

Radhi hawajaniomba. Bwana Alexis karudi, safari hii kwa lifti, na wazo jipya: ofisi inataka kuutundika ukili ukutani kwao, chini yake waandike "Ubunifu wa Wakaazi."

"Na hizi nyekundu mtaziandikia nini?" nikamuuliza.

Kamaliza chai yake, kaaga.

Nimeushona mwenyewe, umekuwa msala wa kusalia. Ijumaa iliyopita Champa na mwanawe wamenipeleka makaburini. Kaburi la Asad ni la tano kutoka kwenye ukuta, lina kibao cha mbao na namba. Nimetandika msala pembeni, nimemsomea, nimekaa. Saa kumi na moja mlinzi kaja kuniambia wanafunga, nitoke.

Nimemwambia sitoki.

Kanitazama, kautazama msala wa ukili uliotoka gazetini, kaliacha geti wazi.

Dada yako,
Mwanamwema