Posa Yangu na Chungu cha Kampuni ya Jogoo

Matrah, Maskati
Mwezi wa Shaaban

Mama yangu, kipenzi cha roho yangu,

Nnaibusu mikono yako yote miwili, wa kulia kwanza, kisha wa kushoto usije ukanuna. Vipi hali yako? Vipi goti? Lile tundu la paa juu ya kitanda chako, kaka Kassim keshaliziba au bado anasema kesho? Mie mzima. Chakula kinapita, usingizi unakuja, na joto la huku limepungua, sasa mtu anaweza kushika kitasa cha mlango bila ya kupiga yowe. Kaa vizuri mama, jimiminie kahawa, maana nna khabari ya kuchekesha na ndani yake mna jambo zito. Nimeposa. Na posa yenyewe imenasa kwenye kampuni ya redio.

Usinune kwanza. Nisikilize.

Kazi yangu unaijua. Nipo duka la Tajiri Habib hapa sokoni Matrah, nnauza redio za Jogoo, zile ndogo za Kijapani zenye picha ya jogoo mwekundu kifuani. Sasa watu wa huku hawanunui kitu mpaka wajue asili yake. Mbuzi wanamuulizia mamake, sembuse redio! Kila anayeingia huanza: kampuni hii ya nani, mtoto wa nani, ilianzaje? Mie muuzaji sijui, lakini sokoni wanajua wote. Mpika halwa jirani yetu anasema mwenye kampuni alikuwa baharia, na ufundi kajifunzia kwa waunda majahazi wa huku, mji wa Sur. Muuza mikeka anaapa kuwa yule jogoo alikuwepo kweli, aliwika nyumba ikiungua akaokoa ukoo mzima. Kinyozi, Mungu amsamehe, ndiye aliyeniletea balaa. Yeye kasema kampuni ya Jogoo imetoka katika nyumba ya wapika pombe.

Na kinyozi ndiye anayemnyoa Mzee Nasser.

Mzee Nasser ndiye baba wa binti. Binti anaitwa Rahma. Mzee ni mtu wa huku huku, lakini alikaa Wete na duka lake miaka mingi, akaoa huko, na mkewe, Bi Zuwena, ni Mpemba mtupu. Wameondoka visiwani kama tulivyoondoka sisi wengine, wakaja huku. Mie sina mtu hapa, basi posa kanipelekea Tajiri Habib, na Mzee akasema atafikiri, kwa sauti ya mtu aliyekwishakubali. Nikawa natembea sokoni nacheka peke yangu.

Asubuhi moja nikamwona Mzee anaingia dukani, redio yake kaifunga kwa gunia, kaibeba kwa ncha za vidole. Akaiweka mezani.

"Seif, mshahara wako unatoka wapi?"

"Kwa Tajiri Habib, Mzee."

"Na yeye anapata wapi?"

"Kwa redio."

"Na redio zinatoka kwa walevi! Binti yangu halishwi pombe. Ama uache kazi hii, ama uiache posa."

Mama, kazi huku haziokotwi njiani, nami nikiikosa hii, hata hicho kidogo ninachokuletea kitakatika. Na Rahma, wallahi, nimeshampenda. Nikamwambia, "Mzee, maneno ya kinyozi hayo! Mjumbe wa kampuni anakuja mwezi huu. Muulize mwenyewe." Nilisema ili nipate muda tu. Yeye akasema, "Vyema. Mlete nyumbani kwangu." Akalibeba gunia lake na redio ndani, akaondoka.

Akaja kweli. Bwana Mori, Mjapani mwembamba, mpole, anayezungukia maduka ya pande hizi zote, na ruhusa yake ya kuingia nchini, Tajiri Habib kaihangaikia mpaka kakonda. Nikampeleka kwa Mzee Nasser baada ya sala ya alasiri. Wazee wamejaa chumbani, tende katikati, dele la kahawa linazunguka. Na unajua ada ya huku: mgeni haulizwi shida yake kwanza, huulizwa khabari za alikotoka. Khabari? Hakuna ila kheri. Ulimwengu? Hakuna ila kheri. Kisha tena, kisha tena, huku kahawa inamiminwa. Mgeni akitosheka hutikisa finjani, mmiminaji akaondoka. Mie kwa khofu yangu nikasahau kumwambia Bwana Mori hilo la kutikisa. Maskini, kila akimaliza anajaziwa, na kwa adabu zao naye anakunywa. Anakunywa, anainamisha kichwa, anashukuru, anajaziwa. Macho yakaanza kumtoka. Nami nnatafsiri Kiingereza kwa Kiarabu, pale Kiarabu kinapokatika napachika Kiswahili, jasho linanishuka mpaka kwenye soksi.

Mwisho Mzee Nasser akajikohoza. "Muulize. Mwenye kampuni alitoka nyumba gani?"

Nikauliza. Bwana Mori akafurahi, akakaa sawa, akajibu kwa fakhari. Mama, kinyozi alisema kweli! Babake mwenye kampuni ni mpika pombe ya mchele, na babu yake, na babu wa babu yake.

Wazee wote wananitazama. Ningeweza kusema siki. Nani angejua? Nyumba ya wapika siki, shughuli imekwisha, arusi Mfunguo Mosi, Ramadhani ikiisha tu. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini nikamwona Mzee ananitazama kama wewe ulivyokuwa ukinitazama nikirudi skuli na shati limechanika, umeshajua, unangoja tu nitasema nini. Nikasema, "Mzee, ni kweli. Walikuwa wapika pombe."

Nikahisi Rahma anaondoka mikononi mwangu hivi hivi.

Mzee akauliza, polepole, "Na huyo mwana? Aliirithi kazi?"

Nikamgeukia Bwana Mori. Akasema, la. Alikuwa kifungua mimba, yote yangekuwa yake, viwanja na maghala. Akenda kwa babake akapiga magoti, akaomba ruhusa aache. Akahamia chumba cha duka lililoungua wakati wa vita, yeye na rafiki zake. Redio hawakuzijua. Kitu chao cha kwanza kilikuwa chungu cha umeme cha kupikia wali, na kiliwatia aibu, kwa kuwa kila wakipika wali unaungua. Hakikununuliwa hata kimoja. Ule wali alikuwa akiula jogoo wa jirani, akanenepa, basi walipopata kuunda redio wakamweka yeye kifuani, wasisahau nani alikuwa mteja wao wa kwanza.

Mzee Nasser akajipiga paja. "Mnasikia? Mtu kaacha mali ya haramu, kenda kuunguza wali wa halali! Wangapi humu wangeweza?" Akamgeukia mtumishi, "Leta redio yangu, itoe kwenye gunia!" Nami nikataka kulia.

Hapo pazia la mlango wa ndani likatikisika. Bi Zuwena, ambaye alikuwa amekaa nyuma yake tangu tende ya kwanza, akasema kwa sauti, "Seif, muulize huyo mgeni. Wali uliungua wote, au chini tu?"

"Zuwena," akasema Mzee.

"Niache, nnauliza jambo la maana."

Bwana Mori akajibu: chini tu, juu ulikuwa umeiva vizuri.

"Chini tu! Basi huo ukoko! Lo, watu hawa wamevumbua chungu cha ukoko, wakampa jogoo! Hawakuwa na mwanamke wa kumuuliza? Nasser, sikiliza, hicho chungu ndicho mahari ya mwanangu. Mengine sitaki."

Chumba kizima kilianguka kwa kicheko. Bwana Mori hajui kinachochekwa, anacheka na yeye, na kwa kahawa aliyokunywa mkono unamtetemeka, finjani ikatikisika. Mmiminaji akaondoka mara moja. Wazee wakamsifu kuwa mgeni ana adabu.

Mzee akampa bakuli la halwa ampelekee mwenye kampuni, nami njiani nikamtafsiria maneno ya Bi Zuwena. Tukadhani yameishia hapo. Wiki iliyopita meli ya mizigo ikaleta sanduku, na ndani mna chungu chenyewe, kizito, kibaya, kimebaki hicho kimoja. Bwana Mori kaandika kuwa walikuwa wamekiweka ofisini ili wafanyakazi wapya wakione wacheke, na mwenyewe kasema kiende kwa bibi aliyekielewa.

Sasa mama, nyumba ya Mzee Nasser haina umeme. Bi Zuwena hakushughulika. Akang'oa waya, akakibandika juu ya mkaa, akatia mchele na nazi ya kutoka Salala. Ukatoka ukoko, wallahi, mwekundu, mzima mzima, unalia mdomoni. Nilikula kipande kimoja nikainuka nikatoka nje. Walidhani nimejiuma. Nilikukumbuka wewe unavyokwangua sufuria na kunipa mimi kwanza, Kassim analalamika.

Mzee Nasser akanifuata uwanjani. Akasema, "Mahari tumeipokea. Lakini mwanangu haolewi mpaka nisikie radhi ya mamako. Kama mie nilivyomuuliza Mjapani kuhusu baba wa mwenye kampuni, na mamako ana haki aulizwe."

Basi ndiyo nnakuuliza. Bi Zuwena anakusalimu sana, na kanipa kipande cha ukoko nikutie ndani ya bahasha, uonje uone kama mwanao atalishwa vyema. Kikifika kimekuwa unga, usikitupe. Chovya kidole ulambe, mama, kisha niandikie neno moja.

Nisalimie kaka yangu Kassim na ngazi yake ya paa, shangazi wa Malindi aliyenishonea kofia, na jirani yetu Bi Mwanaidi aliyesema kuwa mie sitapata mke. Yeye mpe salamu mara mbili.

Mwanao anayekungoja,
Seif