Mikoko ya Dama, Kutoka Juu

Jumatatu, 3 Machi

Mawingu tena. Satelaiti imepita juu ya Jomvu na picha nzima ni pamba. Ramani ya mikoko ya hori lote la bahari inatakiwa ofisini mwisho wa mwezi, nami sina picha safi hata moja ya mwaka huu. Chai imepoa.

Dada Dama ametuma sauti kutoka Saudia. Mkataba wake unaisha, mama anayemfanyia kazi za nyumbani anataka jibu kabla ya Idi. "We Kadzo, kaniangalilie mikoko yangu. Ikiwa imeshika, narudi kusimamia kitalu, kina mama wa kikundi walinipa neno lao. Ikiwa imekufa niambie, nisije nikawa mzigo kwa mama." Akacheka. Nimeirudia mara nyingi, kwa ajili ya kicheko tu.

Ijumaa, 7 Machi

Picha safi ya leo asubuhi! Kwa rangi ninazotumia, majani mabichi huwaka mekundu. Mikoko mikubwa inawaka pande zote za hori. Kipande cha Dama ni miraba michache, kila mmoja mita kumi kwa kumi. Yote myeusi. Maji.

Nimeifunga, nikaifungua tena, kana kwamba itabadilika.

Jumamosi, 8 Machi

Tulipanda pamoja, mimi na yeye na kina mama wa kikundi, matope hadi magotini, miezi michache kabla hajaondoka. Aliimba vibaya kwa makusudi ili tucheke.

Kutoka hapa Miritini hadi kule si mbali. Ningeweza kwenda. Lakini ninamtaka arudi. Ninamtaka hata kwa maudhi yake, hata kwa kumaliza maji ya kuoga. Nikienda nitaona uhai hata kwenye kijiti kikavu. Ramani haimpendi mtu. Bora ramani.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia. Nimeandika: imekufa yote, dada, pole.

Akajibu neno moja. Haya.

Alhamisi, 20 Machi

Ametia sahihi. Miaka miwili zaidi.

Mama amepika wali wa nazi kisha hakuugusa. Kitanda cha Dama kina nguo zangu nilizokunja. Nimeziondoa, nikazirudisha.

Nimefungua picha ya mji aliko. Nyumba naijua, aliwahi kunitumia mahali ilipo. Paa jeupe, mraba mmoja na kipande. Ninaweza kuona msitu ukikauka, mto ukihama. Dada yangu simwoni.

Jumanne, 25 Machi

Mkuu wangu wa kazi amerudisha ramani. Kaandika pembeni: maji yalikuwaje wakati wa picha? Nilikuwa nimesahau kuandika. Nikafungua jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la bandari ya Kilindini. Asubuhi ile, saa ile ile, maji yalikuwa yamejaa.

Miche yenyewe haifiki kiunoni; ilikuwa imefunikwa.

Niliona maji, nikaandika kifo. Ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Najichukia leo, bila mapambo.

Jumamosi, 29 Machi

Maji yamepwa asubuhi. Nimeshuka Jomvu Kuu, viatu mkononi. Nimekutana na Mama Kache wa kikundi kwenye ujia. "Kadzo! Leo ndiyo umeyakumbuka matope? Na mwenzako yu wapi? Ufunguo wa kitalu twamwekea hadi umeshika kutu." Nikampa shikamoo, nikapita.

Iko.

Si yote. Upande wa nje imeng'olewa na mawimbi. Iliyobaki ina majani mapya yanayong'aa, na mizizi ya kwanza inashuka kutoka kwenye mashina kama miguu ya mtoto. Nimesimama katikati nikalia kwa sauti. Kaa wakakimbilia mashimoni.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya kanisa nimemtumia picha za simu na ukweli wote. Sikujitetea.

Sauti yake imekuja alasiri. Mwanzo ni mashine ya kufulia inazunguka. Halafu: "Nishatia sahihi, mdogo wangu. Basi. Usilie, mpumbavu we. Mikoko ina miguu chungu nzima na haiendi popote. Mimi ninayo miwili tu, na tazama nilikofika."

Nilingoja acheke. Hakucheka.

Jumapili, 15 Juni

Mvua imepungua. Picha ya Jumatano ni safi. Safari hii nimeangalia jedwali kwanza: maji yamepwa. Kipande cha Dama ni kijivu cha matope, isipokuwa mraba mmoja wa ndani kabisa. Una wekundu mdogo. Mtu mwingine angeupita.

Jana nilikuwa huko na kina mama. Tumepanda upya upande wa nje. Ufunguo ninao mimi kwa sasa. Nimeupaka mafuta.

Mji wa Dama hauna mawingu. Nimeufungua pia. Paa lipo. Kwenye ua kuna mraba mweupe zaidi kidogo kuliko jirani zake, ambao mwezi jana haukuwa mweupe. Unaweza kuwa kitu chochote.

Najiambia ni mashuka, ameyaanika asubuhi.