Ndege Iliyopakwa Rangi ya Mafuta

Nakuru,
Jumapili mchana

Mpendwa Baba,

Pokea salamu zangu kutoka huku mjini. Natumaini goti lako limetulia tangu baridi ya huko Olenguruone ipungue, na kwamba Mama amewahi kuvuna viazi vya shamba la chini kabla mvua haijaviozesha. Mimi ni mzima wa mwili. Kila simu ikilia moyo unanidunda, lakini nakula.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu unanikatiza, nami nikianza kulia hakuna linalosikika. Dereva wa lori la viazi atakuletea barua hii. Naomba uisome mpaka mwisho kabla hujanijibu.

Jumatano uliniambia, "Tia sahihi, mwanangu, uombe msamaha. Kazi hazipatikani." Mkurugenzi wa shule alikuwa ameshakupigia. Alikuambia kwamba karani wake, yaani mimi, alirusha kichezeo mbele ya wageni bila ruhusa, kikamuumiza mpishi, sivyo? Nimemkasirikia yeye, Baba, na wewe pia nimekukasirikia kwa kumwamini kabla ya kuniuliza. Sijawahi kukuandikia neno kama hilo. Nilitaka kulifuta, nimeliacha.

Ilikuwa hivi. Kwenye stoo ya shule kulikuwa na kisanduku cha glaida ya roketi, ya kuunganisha mwenyewe. Ni ndege ndogo ya mbao nyepesi kama gunzi kavu. Injini yake ni bomba la karatasi lenye baruti, unene wa kidole gumba. Injini huipandisha juu, kisha hujichomoa, na ndege hurudi chini ikielea peke yake. Mwalimu wa fizikia aliyeiagiza alishahama. Mkurugenzi aliniambia kwa kinywa chake, "Wewe si unapenda vitu vidogo vidogo? Ijenge tuone." Mimi ninayeandika kila kitu kwenye daftari, ruhusa hiyo sikuiomba kwa maandishi.

Niliijenga saa za chakula cha mchana, wiki tatu. Nilipiga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, kama ulivyonifundisha tulipotengeneza mizinga ya nyuki. Asubuhi, kabla upepo haujaamka, niliirusha kwa mkono uwanjani, nikibandika udongo wa kufinyanga kwenye pua, punje baada ya punje, mpaka ikaacha kuinua kichwa. Siku tulipowasha injini, ilipanda kwa mlio wa kitambaa kinachopasuka, ikaiachia injini, ikanyamaza. Ilizunguka uwanja mara tatu. Mama Njoki, mpishi wetu, alitoka jikoni na mwiko mkononi akasema, "Tazama inavyoshuka, kama mama mchungaji anatafuta pa kukaa kanisani!" Nilicheka mpaka nikaketi kwenye nyasi.

Basi Mkurugenzi akaona video ya siku hiyo. Akaamuru irushwe siku ya wageni, na ipakwe rangi za shule. Aliitwa fundi wa mabango, yule aliyeandika lango letu, akaja na rangi ya mafuta.

"Madam, nimepiga koti mbili," akaniambia. "Hii hata mvua ya mawe haiiwezi."

Nikaenda ofisini. "Bosi, rangi imeongeza uzito mkiani. Haitapanda sawa. Naomba angalau siku mbili niipime upya, na tuirushe asubuhi."

"Cherono, wewe ni injinia?"

"Hapana, bosi."

"Basi wewe ni karani. Nenda uchape programu."

Programu unazijua. Maombi, kisha kila mtu mwenye koti akaitwa "asalimie watu kidogo", na hakuna aliyesalimia kidogo. Ndege ilikaa juani juu ya meza kuu, imefungwa utepe kwenye bawa ili mgeni wa heshima aukate, kana kwamba ni choo kipya kinafunguliwa. Ilipofika saa tisa, upepo wa ziwani ulikuwa unatingisha mahema. Rangi ilikuwa bado inanata vidoleni. Mgeni alikata utepe, fundo likabaki kwenye bawa.

Na hapa ndipo kosa langu lilipo, sitakuficha. Ufunguo wa swichi ulikuwa shingoni mwangu. Bila huo, injini haiwaki. Ningeweza kukataa kuutoa. Mkurugenzi alinitazama tu, nami nikauchomeka, nikashika maikrofoni na kuhesabu tano, nne, tatu, kwa sauti ya furaha. Mgeni akabonyeza swichi.

Ilifika kimo cha mlingoti wa bendera, ikapinduka, ikaelekea hema la chakula injini ikiwa bado inawaka. Ilimgonga Mama Njoki juu ya jicho akipakua pilau. Ameshonwa nyuzi sita. Jicho lenyewe, namshukuru Mungu, linaona.

Kesho yake nikakuta karatasi mezani pangu, imechapwa tayari: kwamba niliunda na kurusha chombo hicho "kwa hiari yangu, bila idhini ya shule". Nikitia sahihi, Mama Njoki atakuwa ameumizwa na mtu binafsi, si kazini, na matibabu atajilipia mwenyewe. Hiyo ndiyo sahihi uliyonishauri nitie, Baba.

Alhamisi nilimtembelea kwake. Nilipomweleza alinishika mkono. "Usilie, mwanangu, ni nyusi tu. Lakini usiandike uongo juu ya uso wangu."

Ijumaa niliandika maelezo yangu mwenyewe: ruhusa aliyonipa, rangi, onyo langu, na ule ufunguo. Nikatia sahihi, nikayagonga muhuri wa kupokelewa, nikayaingiza kwenye rejista ya barua, kwa maana rejista hiyo ni kazi yangu. Nakala moja nikampa Mama Njoki. Ya Mkurugenzi nikampelekea mkononi. Aliisoma, akairarua.

"Jumatatu usikanyage hapa."

Nikamwambia, "Bosi, naomba hilo kwa maandishi." Alifungua dirisha akatazama nje mpaka nikatoka.

Kwa hiyo kesho saa moja na nusu nitakuwa langoni. Kama nimefukuzwa, aniandikie. Naogopa, Baba, lakini nitaenda.

Mfikishie Mama salamu zangu, na Kogo, nyanya yetu, mwambie blanketi lake nimelipata. Kaka yangu Kiprono, anayekama asubuhi, mpe pole ya baridi. Mkurugenzi akikupigia tena, usimwombe msamaha kwa ajili yangu. Muulize ni nani anayelipia matibabu ya Mama Njoki.

Mimi binti yako mwenye hasira na mapenzi,
Cherono