Baada ya Kuugua kwa Muda Mfupi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, wifi na watoto wote. Zamani nilikuwa nikiuliza hujambo kwa mazoea tu, mkono ukiandika na akili ikiwa kwingine. Safari hii nauliza nikitaka jibu: mnapumua vizuri? Wifi aliniambia kwenye simu kwamba una kikohozi kinachokukaba ukipanda ngazi za ofisini. Huku Mama ni mzima, magoti tu yanamsumbua. Mimi sina homa, na sina kazi.

Najua habari zilishakufika. Katibu wa chama wa wilaya hakosi kuambiwa dada yake kafanya nini redioni. Lakini walikuletea kipande, nami nataka uipate yote.

Unaikumbuka kazi yangu: kusoma matangazo ya vifo saa saba mchana, kabla ya taarifa ya habari. Ugonjwa ulipoingia, meneja alitupa sharti moja, kwamba jina la ugonjwa lisitamkwe. Kila marehemu alifariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Nilianza na wanne kwa siku. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nasoma kumi na saba, dakika zangu tano hazitoshi, wakaniongezea tano nyingine. Yaani muda wa kutangaza wafu uliongezwa, na ugonjwa bado haukuwepo!

Mtaani nako barakoa iligeuka kadi ya chama. Ukiivaa wewe ni mpinzani, ukiiacha wewe ni mwenzetu, na hakuna anayekuuliza kifua kinasemaje. Muuza mboga wetu anayo ya mfukoni: akimwona mteja wa upande ule anaipandisha, akimwona wa upande wenu anaishusha kidevuni. Wala sisemi wale wengine ni malaika. Wapo wanaoivaa mkutanoni mbele ya kamera, wakifika baa wanaitundika kwenye shingo ya chupa.

Basi akafa kinyozi wa sokoni, yule mcheshi aliyekuwa akikunyoa tangu ukiwa shule. Alishikwa Jumatatu, Ijumaa tukamzika. Kabla ya maziko mkewe alikuja kituoni mwenyewe na karatasi mkononi. Alitaka litangazwe kwamba mumewe amekufa kwa korona, na kila aliyenyolewa pale katika wiki mbili zilizopita aende akapime. Meneja alimpa pole, akamkalisha, kisha akachukua kalamu nyekundu na kufuta mistari yote isipokuwa jina na mahali pa maziko. Alimweleza kwa upole kwamba maneno yale yangechukuliwa kuwa ya kisiasa. Yule mama akamjibu kwamba mume wake alinyoa vichwa vya vyama vyote, na mashine yake haikuwahi kumwomba mtu kadi. Halafu akanigeukia mimi, akaniuliza kama na mimi nilinyolewa ulimi.

Nilichukua karatasi ile, nikaingia studio, nikasoma kilichofutwa. Neno kwa neno, nikautaja ugonjwa kwa jina lake, nikataja kibanda chake na tarehe. Fundi mitambo alikuwa ameshapigiwa simu anikate, lakini alijifanya haioni swichi mpaka nilipofika nukta ya mwisho. Ndipo taa nyekundu ikazimika. Meneja hakunifokea. Alinionyesha mlango kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo.

Kesho yake foleni ya zahanati ilivuka geti ikafika barabarani. Walikuwepo wa kwenu na wa kwao, wakitazama chini wasitambuane. Muuza nyama, aliyeapa mbele ya umati kwamba ugonjwa huu ni hadithi ya wapinzani, alikuja amevuta kofia mpaka kwenye nyusi, akadai kasindikiza mtu. Walikutwa nao kumi na mmoja. Jioni mtu akatuandikia MSALITI kwenye geti kwa rangi ya mafuta. Nilishika brashi nisugue, Mama akanizuia. Alisema tuliache, sasa wageni hawatapotea njia.

Hayo wengi wanayajua. Linalofuata hakulijua mtu wa nyumbani ila mimi, mpaka juzi nilipomwambia Mama, na ndilo lililonikalisha mezani kukuandikia.

Baba alipofariki ulinipigia simu ukaniambia niandike kwenye wasifu wake wa msibani kwamba ni shinikizo la damu, kwa kuwa mkutano wako mkubwa ulikuwa siku tatu mbele na hukutaka maneno. Niliandika. Lakini asubuhi ile ile, kabla jeneza halijafika nyumbani, mhudumu wa maabara alikuwa ameshaniletea majibu ya kipimo cha Baba. Ilikuwa korona, Kaka. Niliikunja karatasi ile mara nne nikaiweka ndani ya soksi, nikaenda kupanga viti. Nilikuogopa. Niliogopa kukuaibisha, niliogopa kituo changu, na nilijiambia kwamba maiti haifufuliwi na karatasi.

Ilinyesha siku ile, utakumbuka. Tulifunga madirisha, tukajaa sebuleni bega kwa bega, tukaimba. Ulisimama ukasema kifo cha Baba ni ushahidi kwamba watu wanakufa kwa magonjwa yale yale ya siku zote, na watu wakakupigia makofi msibani. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na ukweli kwenye soksi. Shangazi alikuwa amekaa mbele kabisa. Alibaki kulala na Mama chumba kimoja, na baada ya wiki mbili hakuweza kumaliza sentensi bila kuhema. Alipokufa tulisema majonzi yamemuua. Mimi ndiye niliyelisoma tangazo lake, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Hukujua, na hilo nitalisema popote. Ila hukutaka kujua, na hilo pia nitalisema. Langu ni kubwa zaidi: nilijua nikanyamaza.

Siku ya kinyozi nilikuwa na karatasi ya pili mkononi. Ilikuwa na tangazo la kweli la Baba. Taa ilizimika kabla sijaifikia. Kwa hiyo nimeinakili kwa herufi kubwa, na Jumamosi asubuhi naibandika kwenye ubao wa matangazo sokoni. Inasema Baba amekufa kwa nini, na Shangazi naye, na kwamba mimi binti wa Baba nilificha. Mama ameisoma. Alilia, akaifuta meza, akaweka sahihi yake. Watakaokuja kunitukana watanikuta pale pale chini ya ubao, nimevaa barakoa.

Chini ya sahihi yangu nimeacha nafasi ya mstari mmoja. Ni yako. Siombi uache chama, naomba uje uandike jina lako kama mtoto wa Baba. Usipokuja, nitabandika hivyo hivyo, na nafasi itabaki wazi watu waione.

Mama anakusalimu sana, na anakuamuru, siyo anakuomba, ukapime hicho kikohozi kabla hujamkumbatia mtoto yeyote. Msalimie wifi, na wanao uwaambie shangazi yao hajambo.

Ni mimi mdogo wako, tumbo moja na wewe, ninayekupenda na nisiyekuogopa tena.