Kuonja Pia ni Kula

Mama Mutua,

Kabla hujasikia kwa mtu mwingine, acha nikuambie mwenyewe: nimekata mafuta. Yale ya kuganda, uliyokuwa ukichota kwa kibakuli, nimeyatoa kabisa katika jiko la kanisa. Nyama tunaichemsha kwanza, tunaengua kinachoelea juu, na mafuta ya maji nayapima kwa kikombe, akina mama wote wakiona. Wamenuna. Mama Kasyoka ameniuliza mbele ya watu, "Hii ni pilau ama ni chakula ya wagonjwa?" Wanasema nimelidharau jina lako, mimi uliyenikuta naosha sufuria ukanifundisha kulisha harusi nzima.

Waseme. Sirudi nyuma.

Najua ulivyokuwa unafikiri. Mchuzi usipong'aa juu, mgeni ameonyeshwa mlango. Nakumbuka ukinisukuma kando kwa nyonga na kusema, "Ongeza, usiniaibishe." Niliongeza, watu wakalamba vidole, na sifa zote zikakuendea wewe kama ilivyofaa.

Siku ile nyuma ya ukumbi uliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja kifuani, jasho likikutoka, na mwiko bado umeushika. "Ni gesi tu," ulisema. "Geuza wali." Nikageuza wali. Nilipokutazama tena kichwa kilikuwa kimeinama, na hospitalini hukufika ukiwa hai. Daktari alitueleza kwamba mafuta yalikuwa yamejijenga ndani ya mishipa ya moyo wako kidogo kidogo, miaka na miaka, mpaka damu ikakosa njia. Kule nyumbani Makueni wengine walinong'ona kwamba ulirogwa. Kanisani wakasema Mungu alikuhitaji. Sina ugomvi na Mungu, Mama Mutua. Ninao na wewe.

Kwa sababu uliambiwa! Nesi wa ile kliniki iliyo juu ya soko alikuomba ulale njaa ili apime mafuta kwenye damu. Wewe ukaenda moja kwa moja kutoka jikoni, aproni kiunoni, nami nyuma yako. Akakuuliza kama umekula, ukajibu hujagusa hata chembe. Kisha akatuonyesha kichupa cha damu aliyokutoa. Damu ilikuwa imetulia chini, na juu yake majimaji yaliyofanana na chai ya maziwa. "Mama, umekula nini?"

Ulikasirika kweli. "Nimeonja tu! Kuonja si kula!"

Na ulikuwa umeonja. Mchuzi, pilau, mchuzi tena, ukoko wa chini, kipande cha nyama kujua kama imeiva, na kingine kuwa na hakika. Nesi akakwambia urudi siku nyingine na tumbo tupu. Tukishuka sokoni ulicheka mpaka ukashika nguzo ya kibanda cha nyanya. "Nikae na njaa, halafu chumvi ijulikane na nani?" Hukurudi. Kila mara kulikuwa na harusi, au matanga, au mchungaji mgeni.

Sasa sikia nilichofanya Jumamosi iliyopita. Tulikuwa na harusi kule mtaa wa Mountain View, na asubuhi hiyohiyo nilikuwa na miadi ya kupimwa. Usiku mzima sikutia kitu mdomoni ila maji. Ulipofika wakati wa kuonja, wote wakasimama wakinitazama, maana unajua sheria yako: mkuu wa jiko hajaonja, hakuna anayeongeza hata chumvi. Nikamkabidhi Mama Kasyoka mwiko. "Onja wewe." Nikafungua aproni, nikaondoka nikinuka moshi.

Nesi ni yuleyule. Aliniuliza, "Umekula?" Nikasema sijala. Akanitazama vizuri. "Na kuonja?" Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia.

Kichupa changu hakikuwa na maziwa. Lakini majibu yalipotoka, ile kolesteroli mbaya iko juu, tena juu sana. Mimi huyu, mwembamba uliyeniita ufito! Nilidhani mafuta hukaa kwa wanene tu. Daktari akasema kuna ya aina nzuri inayosaidia kuyaondoa, na kuna hii inayojibandika kwenye kuta za mishipa, wala haiangalii kiuno cha mtu. Amenipa dawa. Amesema nile ndengu, muthokoi wa kuchemsha, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, mboga, nitembee. Kwa hiyo kutoka nyumbani Waithaka hadi kanisani naenda kwa miguu.

Nilipotoka pale nililia kwenye ngazi, kisha nikakukasirikia sana. Nilikumbuka ile sahani. Kila karamu, kabla wageni hawajapakuliwa, ulinitengea sahani yangu chini ya kifuniko, nyama ya kidari, ile yenye mafuta meupe pembeni, ukasema, "Hii ni ya mkono wangu wa kulia." Hakuna mtu aliyewahi kunipenda hivyo. Ndiyo maana inaniuma hivi.

Nilirudi Mountain View nikakuta watu wanakula. Baba wa bwana harusi alikuwa ameomba kuongezewa. Mama Kasyoka akanirudishia mwiko, akasema pilau bado ni kavu. Halafu akanivuta kando, sauti chini: "Hiyo ya kulala njaa, inauma?" Nimempangia Jumanne. Nitamfunga mdomo kwa leso ikibidi.

Ninakuahidi hivi: mwiko wako haulali, na hakuna mgeni atakayetoka kwangu na njaa. Lakini hakuna mpishi wako mwingine nitakayemwinua kutoka juu ya ndoo. Lala salama, mama yangu wa jikoni. Siku moja nitakuja, na najua utakuwa umeniandalia chakula.

Ila ile sahani, usinitengee bado.

Ni mimi, mkono wako wa kulia,
Wanza